Sabufa Inakudanganya

Leo nina ugomvi, na sitauzungusha. Ugomvi wangu ni na vijana wenzangu, sisi tuliosoma, tunaofanya kazi mjini na kujiita watu wa kisasa. Tumerudi kwenye nyumba za wazazi wetu, tukakuta amplifaya ya chuma na spika mbili za mbao zimekaa pembeni ya kabati, tukazicheka. Tukazitoa. Nyingine zimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo kama bomba bovu la maji. Mahali pake tumeweka sabufa: boksi jeusi lenye taa za bluu, limebandikwa kwa mbele karatasi yenye maandishi makubwa, 12,000W PMPO. Halafu tunakaa kwenye kochi tunalalamika kwamba muziki wa siku hizi hauna ladha.

Jamani! Ladha mngeijuaje na chombo mmekitupa?

Juzi mfanyakazi mwenzangu kaniuliza, huku anacheka, "Hivi wewe bado unahangaika na ile redio ya babu?" Redio ya babu! Ni amplifaya ya baba yangu, Sansui, imenizidi umri, na inapiga kila siku. Yeye kwake yuko na sabufa ya tatu ndani ya miaka mitano. Mbili za kwanza ziko chini ya kitanda, zinasubiri siku ya kutupwa. Sasa kati yetu wawili nani anahangaika? Nimeona nisimjibu yeye peke yake, kwa sababu najua ana wenzake wengi.

Tuanze na hizo wati.

Kama una sabufa nyumbani, nenda kaigeuze sasa hivi. Mbele imeandikwa wati 12,000, au 8,000, au namba yoyote waliyoiota kiwandani. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo kinachosema kifaa kinakula umeme kiasi gani. Utakuta wati 40, au 60, labda 100. Sasa tumia hesabu za darasa la saba. Kifaa kinachomeza wati 60 kinatemaje wati 12,000? Hizo nyingine zimetoka wapi? Pasi inayokunyooshea shati la kazini inakula wati 1,000 au zaidi kidogo, na unajua jinsi inavyokimbiza uniti za Luku. Kifaa cha wati 12,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 kingevuta ampea 52. Soketi yako ya ukutani mwisho wake ni ampea 13. Yaani sabufa hiyo ingekuwa inasema kweli, siku ya kwanza kuiwasha ungebaki na harufu ya plastiki iliyoungua, na giza.

Hiyo PMPO maana yake nini? Ni herufi za maneno ya Kiingereza yanayodai kueleza nguvu ya juu kabisa ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima. Kila kiwanda kinajipimia kinavyotaka. Huyu anahesabu kile ambacho kapasita zinaweza kukitema kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati sauti yenyewe imeshapasuka. Yule anajumlisha spika zote kisha anazidisha. Mwingine anaandika tu, nani atamuuliza? Ndiyo maana namba za kwenye boksi zinapanda kila mwaka na boksi lenyewe linazidi kuwa jepesi.

Msidhani mchezo huu umeanza kwetu. Huko Marekani makampuni ya redio yaliucheza sana, kila moja likijitangazia wati zake za mbinguni, hadi mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilipotunga kanuni. Anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani akalazimika kutaja wati za mfululizo kwa kila upande, kwenye spika ya omu ngapi, na sauti inaharibika kwa kiasi gani ikifika hapo. Tena kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa ichapishwe kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu iliyotangazwa. Kwa amplifaya za aina ile, hapo ndipo zinapopata moto kweli kweli. Wenye viwanda wangefanyaje? Wakaongeza transfoma, wakaongeza mabati ya kupozea, wakaongeza kapasita. Wajapani wakaingia kwenye ushindani huo kwa nguvu zote. Mwaka 1978 Pioneer wakatoa risiva inayoitwa SX-1980, wati 270 za mfululizo kwa kila upande, uzito kilo 35. Hiyo huinui kwa mkono mmoja kuipeleka kwenye kitchen party.

Kwa hiyo ukiinua amplifaya ya mzee ukaguna, usiseme watu wa zamani walikuwa washamba hawajui kutengeneza vitu vyepesi. Unachoguna nacho ni transfoma. Ndicho kitu ambacho hakimo kwenye boksi lako lenye taa za bluu.

Wala huhitaji wati 270. Mwaka huohuo wa 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ndogo, 3020, wati 20 tu kwa kila upande. Ikapata sifa dunia nzima na mpaka leo watu wanaisaka. Sababu iko kwenye masikio yetu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe karibu mara kumi. Kutoka wati 20 kwenda 40 sikio linaona tofauti ndogo tu. Wati 20 za kweli na spika nzuri, kwenye sebule ya nyumba ya kupanga Sinza, zinatosha kabisa kukugombanisha na mwenye nyumba.

Najua kuna watakaosema, "Lakini sabufa ina besi." Haya, tuizungumze hiyo besi. Kiboksi kidogo chenye spika moja ya bei rahisi kina sauti yake kinayoipenda, na kila besi unayokiletea kinaigeuza kuwa sauti hiyohiyo. Dum, dum, dum. Sikilizeni bendi zetu za dansi. Mle kuna gitaa la solo, kuna ridhimu, wakati mwingine kuna solo la pili linajibizana na la kwanza, kuna tarumbeta na saksafoni, na chini kuna gitaa la besi linalotembea lenyewe, lina hadithi yake. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Mlimani Park, Msondo, Maquis, hawa hawakupiga dum dum. Ukiwasikiliza kwenye sabufa unapata mwimbaji anayeimbia ndani ya debe na mtu anayepiga mlango kwa nyuma. Halafu unasema nyimbo za wazee zinachosha. Hujazisikia, ndugu yangu. Umesikia boksi.

Na hapa kuna jambo kubwa kuliko starehe yangu na yako. Hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Familia iliyopata fedha kidogo ilizipeleka kwenye redio, kwenye deki ya kaseti, kwenye gramafoni. Kwa miaka mingi bidhaa za nje zilikuwa za kutafuta kwa tochi, hivyo vyombo vingi vililetwa na mabaharia, waliokwenda kusoma nje, na wenye ndugu Zanzibar au Uarabuni. Kaseti zikanunuliwa, nyimbo zikarekodiwa kutoka RTD, harusi zikarekodiwa, sauti za mabibi zikarekodiwa. Hazina hiyo haiko kwenye simu yako. Iko kwenye maboksi ya viatu juu ya kabati. Sikiliza vizuri nyimbo za zamani zilizowekwa YouTube. Nyingi zina mkwaruzo wa sindano au mvumo wa mkanda, maana yake kuna mtu mahali fulani alikuwa na gramafoni nzima au deki nzima, akakaa kitako akazihamisha. Tukishapima deki zote kwa kilo, zilizobaki kwenye maboksi tutazisoma kwa kitu gani? Kwa sabufa?

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi kuliko wati za uongo. Ni jinsi tunavyomdharau fundi redio.

Fungua amplifaya ya miaka ya 1970 au 1980. Skrubu nne au sita, mfuniko unatoka. Ndani kila kitu unakiona kwa macho: transista, kapasita, fyuzi, transfoma. Kila kimoja kinaweza kutolewa kwa chuma cha lehemu na kuwekwa kingine. Kiwanda kilichora mchoro wa sakiti yote, kikautoa kitabu kwa ajili ya mafundi, na vingi vya vitabu hivyo leo vinapatikana bure kwenye intaneti. Aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja itaharibika, akamwachia njia atakayeitibu. Sasa fungua sabufa, kama itafunguka bila kuvunjika. Utakuta kibao kimoja chembamba, vipande vidogo kama chawa, na pengine tone jeusi la gundi limeifunika chipu hata jina lake husomi. Mchoro hakuna. Chipu ikifa, sabufa nzima imekufa.

Nina fundi wangu Magomeni, mtu mzima, ana kibanda chenye redio mpaka darini. Siku moja nilimkuta kijana wa rika langu amemletea sabufa iliyonyamaza baada ya miezi tisa.

"Shikamoo mzee. Hii inatengenezeka?"

"Marahaba, mwanangu. Kutengeneza naweza, ila kifaa chenyewe hakitaki."

Yule kijana akacheka, mimi nikachukua kalamu. Mzee akamwonyesha chipu iliyoungua na kumweleza kwamba ya kwake haiuzwi popote, na akipata inayofanana itakuwa feki. Kijana akaondoka na boksi lake. Dukani alikoinunua walimwambia dhamana ilikuwa ya wiki moja, tena kwa mdomo. Laki mbili zimekwenda, na aliyezichukua hana anwani.

Sasa linganisha. Amplifaya ya baba iliponyamaza upande mmoja, mzee huyuhuyu aliibadilishia transista na kapasita kadhaa, akasafisha swichi, akachukua elfu 40. Siku mbili. Fedha ile ilibaki Magomeni, ikalipa ada ya mtoto wa mtu ninayemwamkia. Lakini vijana wenzangu wanaotoa elfu 40 kwa vinywaji Ijumaa bila kuguna, ukiwatajia elfu 40 ya fundi wanaanza kulia njaa, "Ah, mzee, si nyaya tu hizo?" Si nyaya. Ni miaka 30 ya kujifunza kusikia kifaa kinaumwa wapi. Tunamlipa kama mpiga debe, kisha tunashangaa mwanawe hataki kurithi kibanda. Wazee hawa wakiisha, hata ukiwa na Sansui ya dhahabu utaifanyia nini?

Wenzetu wa Ulaya waliofika mbali kwenye kutupa sasa wanarudi nyuma. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwabana wenye viwanda wakubali kutengeneza vifaa vyao vinapoharibika, vitu kama friji, mashine za kufulia na simu. Wao wanatafuta kwa sheria kitu ambacho sisi tulikuwa nacho kwenye kila kona ya mtaa, nasi ndiyo kwanza tunakitupa.

Basi, aliyeshawishika asije akakimbilia Kariakoo kesho na kununua kila kitu chenye vumbi. Si kila cha zamani ni dhahabu. Zile redio kubwa za plastiki za miaka ya 1990, zenye taa zinazocheza na vitufe 50, nyingi ni sabufa zilizotangulia kuzaliwa. Na amplifaya nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia chipu kubwa za Sanyo zinazoanzia na herufi STK. Ikiwa nzima, piga muziki. Ikiwa imeungua, jihadhari, kwa sababu nyingi zinazouzwa mitaani leo ni feki zenye jina tu. Muulize fundi kabla ya kutoa fedha. Mimi nina mambo ninayoyaangalia kabla sijauliza bei.

La kwanza ni kibandiko cha umeme. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni volti 120. Ukichomeka kwenye 230 yetu unaaga nacho hapohapo. Tafuta kilichoandikwa 220 au 240, au chenye swichi ya kuchagua volti kwa nyuma. Ukipenda cha volti 100, weka bei ya transfoma ya kushushia umeme kwenye hesabu zako tangu mwanzo. Risiva ya Japani ina kasoro nyingine mnayoijua kwenye magari ya mtumba: FM yao ya zamani inaanzia megahezi 76 inaishia 90, yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Stesheni nyingi hutazipata. Na gramafoni ya Marekani ambayo mota yake inafuata umeme moja kwa moja, iliyoundwa kwa hezi 60, kwenye hezi 50 zetu itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita hata ukiitafutia transfoma. Marijani atasikika kama ameamshwa usingizini.

Spika usizitazame mbao tu. Toa kitambaa cha mbele, gusa ukingo wa koni kwa kidole, taratibu. Kama ukingo ni wa sponji na unabaki na unga kwenye kidole, sponji imeoza. Sponji ile huoza hata kama spika haijapigwa, miaka 10 mpaka 20, na joto la pwani haliisaidii. Si mwisho wa dunia, fundi mzuri anabandika ukingo mpya, lakini punguziwe bei. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, na wa kitambaa kilichokunjwa hudumu zaidi ya hapo.

Amplifaya iwashe mbele ya macho yako, ukiwa umekuja na spika ya bei rahisi ya kujaribia. Ukiunga, tazama koni. Ikiruka nje au ndani na kubaki hukohuko, zima haraka. Hiyo amplifaya inatoa umeme usiotakiwa na itakuchomea spika. Ukizungusha sauti ikasema krrr krrr, usiogope, ni uchafu, dakika tano za spreyi ya kusafishia. Ikivuma mmm wakati sauti iko sifuri, mara nyingi kapasita za umeme zimechoka, hapo kuna gharama. Kisha tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, ujue imeshapita kwenye mikono isiyojua kazi.

Kutunza ni rahisi kuliko kununua, ila kunataka tuache mazoea fulani. Naanza na kitambaa. Mama zetu, Mungu awabariki, kila chombo cha sebuleni wanakivisha kitambaa cha kufuma. Yale matundu ya juu ya amplifaya yamewekwa ili joto litoke. Kapasita zile huishi kwa kutegemea joto, na hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, umri wake unapungua kwa nusu. Sasa chukua joto la Dar la mwezi Februari, weka na kitambaa, weka na mlango wa kabati uliofungwa. Umeipika. Zungumza na mama kwa heshima, kitambaa kihamie kwenye meza.

Umeme ukikatika, chomoa. Kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo. Usiache matundu ya nyuma wazi kwa mende na mijusi, mjusi mmoja akilala juu ya sakiti ni msiba wa wawili. Kwenye swichi usitie mafuta ya kula wala petroli, nimeyaona yote mawili. Kifaa kikikaa bila kazi miaka mingi, kipeleke kwa fundi kabla ya kukiwasha. Mkanda wa mpira wa deki ya kaseti huyeyuka ukawa kama lami, ukilazimisha unakula kaseti ya harusi ya wazazi. Santuri zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na usiziweke jua linapofika. Sindano nayo ina mwisho. Ikishapiga saa 500 hadi 1,000 hivi, kulingana na aina yake, ibadilishe, la sivyo itaanza kuchonga santuri yenyewe.

Nawasikia mnaobisha. "Amplifaya ya zamani inakula umeme." Kweli, ile kubwa inakula hata ikiwa haipigi sana, na inatoa joto. Zima ukimaliza, si jiko la mkaa. "Amplifaya mpya za kidijiti ni ndogo na nzuri." Kweli pia. Teknolojia ya leo inaweza kutengeneza amplifaya nzuri inayoenea kiganjani na isiyopata moto. Tatizo ni kwamba hiyo nzuri siyo unayouziwa kwenye boksi la PMPO. Ukipata mpya inayotaja wati zake za mfululizo bila kuona haya, na yenye fundi anayeweza kuifungua, inunue, sina neno. "Mimi muziki wangu uko kwenye simu." Sawa, waya mmoja wa elfu chache, upande huu simu, upande ule kwenye matundu ya nyuma yaliyoandikwa AUX. Amplifaya ya 1978 haijali wimbo umetoka kwenye santuri ama kwenye Boomplay.

Kuna na kundi jingine, nalo lisijifiche nyuma ya maneno yangu. Ni wale waliogundua juzi kwamba vya zamani vimekuwa fasheni. Wananunua gramafoni kwa bei ya pikipiki, wanaiweka karibu na ua la plastiki, wanapiga picha. Santuri wanayo moja, na sindano haina ncha. Hawa ni ndugu wa damu na watu wa sabufa, wote wananunua kitu cha kutazamwa. Tena wanapandisha bei mpaka mwanafunzi anayependa muziki kweli hawezi kugusa. Chombo cha muziki kikikaa bila kupiga kinaharibika.

Nataka ufanye kitu, usinisome tu ukatikisa kichwa. Piga simu nyumbani. Muulize mzee ile amplifaya iko wapi, na spika zake, na yale maboksi ya kaseti. Mwambie asimpe mtu. Siku ukienda, ibebe mwenyewe, ipeleke kwa fundi wa mtaani kwenu, mwamkie, kaa kwenye stuli umtazame anavyofanya kazi, na akikutajia bei mlipe. Kisha iunge, mwite mzee akae katikati ya zile spika mbili, mpigie wimbo aliouchezea siku ya harusi yake.

Na wewe ambaye umeshaiuza kwa kilo, mwaliko wako nimeupata. Nitakuja Jumapili. Nitakula pilau, nitacheza na watoto, lakini hilo boksi lako tafadhali lizime.